Karata 78 za Tarot: namba 1 imeniua tena!

Haya wadau, karibuni. Wiki jana hamkuniona, maikrofoni ilikufa, tuyaache hayo. Leo ninayo pakiti ya Tarot, ile wanayocheza Wafaransa. Na kabla hujaandika "mganga huyo", tulia: watu walizicheza Italia tangu karne ya 15, ramli imekuja kudandia baadaye sana.

Kopa, uru, shupaza, pau mnazijua, majina tumeyatoa kwa Wareno, hata turufu ni trunfo yao. Ila hapa turufu haichaguliwi. Zimechapwa kabisa, 1 mpaka 21, halafu kuna huyu chale, Excuse: unamtupa wakati wowote, hali kitu, lakini unarudi naye nyumbani.

Sasa sogea karibu uone. Hii namba 1, Petit. Turufu ndogo kuliko zote, ila ina pointi 4 na nusu, sawa na mfalme! Mkononi nina turufu tatu: 1, 6, 8. Yule anayecheza peke yake dhidi yetu watatu anaanza na 17. Natoa 6. Anashusha 18. Natoa 8, mnaona jasho? Anapiga 21... na mimi nimebaki na nini? Kadogo kangu. Lazima nikatoe, turufu ikiitwa huruhusiwi kuficha. Kala!

Na si pointi tu: anayecheza peke yake, kadiri anavyokusanya 21, chale na Petit, ndivyo pointi anazohitaji kushinda zinavyopungua. Alikuwa na 21 na chale, alihitaji pointi 41 kati ya 91. Akiipata na Petit anahitaji 36 tu. Yaani nimemlipia nauli.

Waswisi kwenye Jass, mchezo wao wa karata, wamerahisisha: ghulamu wa turufu ana pointi 20 na hakuna wa kumgusa. Sawa, lakini utamu uko wapi? Mimi hii Petit naichukia, ila juzi nilikula nayo mzunguko wa mwisho, kuna nyongeza ya pointi 10 kwa hiyo, nikaruka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ubaya wa pakiti: karata ndefu, mkiwa wanne kila mtu anashika 18, vidole vinauma, na kiboksi kimepasuka siku ya pili. Nimetoa euro 9. Ningetoa 6.

Ngoja nigawe tena... aah, jamani. Kako hapa.