stunnel kati ya Kibuye na Ahero

Miezi minane sasa stunnel, programu ya bure inayosimba mawasiliano ya programu nyingine, inafanya kazi kwenye duka la pembejeo ninalolihudumia hapa Kibuye, Kisumu, na tawi lake la Ahero. Programu yao ya stoo ni ya zamani na aliyeiandika hapatikani tena. Hesabu zake ni sawa kabisa, ila kila inachotuma kwenye intaneti kilikuwa kinasafiri uchi. Nilifungua Wireshark, programu inayoonyesha data inayopita kwenye mtandao, mbele ya mama mwenye duka, nikampigia karani wa Ahero aingie kwenye mfumo. Paswadi yake ikajitokeza kwenye skrini, herufi kwa herufi, na chini yake jina la mkulima na deni lake la mbolea. Mama akavua miwani. "Kijana wangu, na huyu mkulima anajua?"

Uzuri wa stunnel ni kwamba programu yenyewe huigusi. Unaweka stunnel huku na nyingine kule. Programu inaongea na ile iliyo kwenye kompyuta yake, hiyo inayasimba maneno kwa TLS, yaani usimbaji uleule unaolinda tovuti za https, na ya upande wa pili inayafumbua. Faili yetu ya mipangilio kule Ahero haizidi mistari kumi, na hatukulipa hata shilingi. Inabeba TCP tu, aina moja ya mawasiliano ya mtandao, lakini sisi hatuhitaji zaidi.

Lawama yangu ni moja, na ni nzito. Usipoiambia, haikagui cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha kompyuta ya upande wa pili. Inasimba bila kuuliza inamsimbia nani, kwa hiyo mtu akijipenyeza katikati na cheti cha kughushi atapokelewa kama mwenyeji. Nilikaa wiki mbili hivyo, nikiwa nimeshamwambia mama tuko salama, na jambo hilo bado linaniuma. Nilinakili cheti cha seva kwenye flashi, nikapanda matatu hadi Ahero, nikakiweka kwa mkono wangu kisha nikaandika kwenye faili ya mipangilio `verifyPeer = yes`, yaani ikague cheti hicho. Mstari huo ungepaswa kuwa wa kwanza kwenye maelezo yote ya kuanzia.

Kwenye Windows isakinishe kama huduma (service), programu inayojiwasha pamoja na kompyuta, ili stima ikipotea na kurudi iamke yenyewe.

Juzi mama aliomba aone Wireshark tena. Vurugu tupu ya herufi. Akatazama kwa muda mrefu, akamwita karani naye aje aone. Cheti kinaisha Machi. Nimeshaandika kwenye kalenda ya ukutani, kando ya siku ya kupokea mbegu za mahindi.