All Directions ya The Temptations: nunua kwa ajili ya upande A

Santuri hii ya 1972 ya The Temptations, kundi la waimbaji la Marekani, naipa nyota nne kati ya tano, na karibu zote ni za wimbo mmoja: Papa Was a Rollin' Stone, uliofunga upande A. Unakwenda karibu dakika 12, na hakuna anayefungua kinywa kuimba mpaka dakika ya nne inakaribia. Aliyewazoea The Temptations wa ule wimbo wa My Girl, wa suti za sare na hatua za pamoja, atadhani amewekewa santuri ya watu wengine.

Hawakufika hapo kwa mkupuo. Mwaka 1968 Dennis Edwards alichukua nafasi ya David Ruffin, na prodyuza Norman Whitfield akawatolea Cloud Nine, gitaa la Dennis Coffey likilia kwa pedali ya wah-wah, ile inayofanya sauti ya gitaa ifunguke na kufumba kama mdomo. Wimbo huo ndio ulioipa Motown, kampuni yao ya rekodi, Grammy yake ya kwanza. Psychedelic Shack ya 1970 ilizidisha mbwembwe, na kwangu mimi imezeeka vibaya. Kwenye All Directions Whitfield ameshajua kupunguza.

Papa Was a Rollin' Stone mzima umekaa kwenye kodi moja, yaani mkusanyiko mmoja wa noti (chord). Besi inapiga noti chache, inanyamaza, inarudi, huku toazi likitembea bila kupumzika. Kisha vitu vinaingia kimoja kimoja: wah-wah ya Melvin Ragin, fidla, tarumbeta yenye mwangwi, makofi. Kwa kuwa kodi haihami, kinachokuvuta ni ala gani imeingia na ipi imeondolewa, kwa hiyo mpigaji mkuu hapa ni meza ya kuchanganyia sauti. Waimbaji wanapokezana mistari, Edwards kwa sauti ya kukwaruza, Damon Harris juu kabisa, Melvin Franklin chini kabisa. Kundi lenyewe lilimlalamikia Whitfield kwamba ala zinawameza. Malalamiko yao yana haki, lakini bila ule ukimya mrefu wa mwanzo, maswali ya watoto kwa mama yao kuhusu baba yao aliyekufa yasingekuwa na uzito ule.

Sasa kasoro ya santuri yenyewe. Wimbo bora umewekwa ndani, karibu na lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, sindano hupita kama sentimita 51 za mfereji kila sekunde pale ukingoni. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Mawimbi ya sauti yanabanana, sindano inashindwa kuyafuata, na wa kwanza kuumia ni matoazi na makofi: yanatoka kama mafuta yanayochacharika kikaangoni. Pima upya mkao wa katriji, kile kifaa kinachoshika sindano, kwa karatasi maalumu ya kupimia, hasa ile alama ya ndani. Uzito wa sindano uweke karibu na kikomo cha juu alichotaja mtengenezaji. Ikiwa ni gramu 1.5 hadi 2, nenda kwenye 2. Wengi hupunguza wakidhani wanaitunza santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka na kukwangua kuta za mfereji. Sindano ya ncha ya duaradufu hufanya vizuri kuliko ya duara.

Nakala iliyotumika ioshe kwanza kabla ya kuihukumu. Ikiendelea kuchacharika mahali palepale, mfereji umelika, na hakuna sabuni itakayourudisha. Muuzaji akikuwekea usikilize, mwambie apeleke sindano mwisho wa upande A. Mwanzo wa santuri karibu zote husikika vizuri.

Anayesikiliza mtandaoni atazame urefu kabla ya kubonyeza. Ikiandikwa kama dakika 7, hiyo ni ile iliyokatwa kwa ajili ya singo, yaani santuri ndogo ya wimbo mmoja, na utangulizi umepungua sana. Spika ya simu nayo haifai kabisa: besi inapotea, na besi ndiyo inayoubeba wimbo. Tumia hedifoni.

Upande B una balladi na nyimbo za kawaida, zinafaa kuchezwa watu wakila. Singeongeza hata shilingi kwa ajili yake.