Rock and roll ya klabuni: ununue santuri ipi kwanza

Mtu akiniuliza aanze na santuri gani ya rock and roll, simpi mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma. Namwambia atafute muziki uliorekodiwa mbele ya watu, tena klabuni, si uwanjani. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi ataelewa haraka. Wimbo uliorekodiwa studio ya Radio Tanzania ulikuwa na dakika zake na adabu zake, lakini wimbo huohuo ukipigwa ukumbini Jumamosi usiku, chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, halikukatika mpaka wachezaji wachoke. Rock and roll nayo ni muziki wa kuchezwa. Studio iliibana kwenye dakika mbili na nusu ili ienee kwenye sahani ndogo na kwenye redio. Klabuni ilipata pumzi.

Kwa hiyo ninaponunua nina swali moja: ukumbi unasikika? Simaanishi makofi ya mwisho wa wimbo. Namaanisha kwamba mwimbaji anawasikia watu na anabadilika kwa sababu yao. Kwa kipimo hicho, iko santuri moja inayokaa juu ya nyingine zote.

Ya kwanza: Jerry Lee Lewis, Live at the Star Club, Hamburg

Star-Club ilikuwa Große Freiheit, mtaa wa starehe wa St. Pauli, jirani na bandari ya Hamburg. Ilifunguliwa Aprili 1962, na Beatles walikuwa miongoni mwa waliopiga tangu usiku wa kwanza. Jerry Lee, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, alipanda jukwaani pale tarehe 5 Aprili 1964 akiwa na miaka 28 na jina lililochafuka. Mwaka 1958 ziara yake ya Uingereza ilivunjika magazeti yalipogundua kwamba mke aliyefuatana naye, Myra, alikuwa na miaka 13 na ni mtoto wa binamu yake. Jambo hilo halifichiki wala halipaswi kufichwa, na redio za kwao zilimpa kisogo. Siku moja tu kabla ya usiku ule wa Hamburg, chati ya Billboard ya Marekani ilitoka ikiwa na nyimbo za Beatles kwenye nafasi zote tano za juu. Dunia ilikuwa imehama, na yeye alikuwa kwenye klabu ya mabaharia.

Akapiga kama mtu anayedai haki yake. Anafungua na Mean Woman Blues, na tangu sekunde za mwanzo piano haichezwi, inatwangwa. Waliompigia walikuwa Nashville Teens, ambao licha ya jina lao la mji wa Marekani walitoka Surrey, Uingereza. Kinachonirudisha kwenye rekodi hii kila mara ni kusikia vijana wale wakimkimbiza. Yeye anaongeza kasi bila kuwaambia, ngoma inamfukuzia, gitaa linashika njia tena, na wakishamfikia ameondoka. Kwenye What'd I Say, wimbo wa Ray Charles, anashusha sauti hadi karibu na mnong'ono, watu wanaitikia, halafu anawapandisha taratibu mpaka chumba kizima kinalipuka. Kati ya nyimbo, umati unaita jina lake kwa mdundo. Mahali pa kupumua ni pamoja tu, Your Cheatin' Heart ya Hank Williams, na hata hapo vidole vyake havitulii.

Mtayarishaji, Siggi Loch, alikuwa kijana wa miaka 23. Aliweka maikrofoni karibu kabisa na vyombo, ndiyo maana piano imekaa mbele kama iko chumbani kwako. Utasikia pia sauti ikikwaruza pale nguvu inapozidi. Usiguse spika zako wala usirudishe CD dukani. Ndivyo ilivyorekodiwa, na isingekuwa hivyo ningeipenda kidogo.

Sasa ununuzi wenyewe. Ilitolewa na Philips huko Ujerumani, na kwa sababu za mikataba haikuuzwa Marekani kwa miaka mingi, kwa hiyo nakala za kale ni za Ulaya na bei yake hupanda. Kwa mnunuzi wa kwanza nashauri CD: Rhino waliitoa Marekani mwaka 1992, na Bear Family wa Ujerumani nao wana toleo lao zuri. Angalia kama orodha ya nyimbo ina Down the Line. Wimbo huo uliachwa mwaka 1964 kwa hitilafu ya mkanda, na ukiupata umepata usiku ule karibu na ukamilifu wake.

Onyo moja linaloweza kukuokolea pesa. Great Balls of Fire na Whole Lotta Shakin' Goin' On alizirekodi zaidi ya mara moja. Kuna za Sun Records, Memphis, za 1957. Kuna alizorudia studio kwa kampuni ya Smash, zikatoka kwenye santuri ya mwaka 1964. Na kuna hizi za Hamburg. Majina ya nyimbo yakiwa yaleyale na picha ya jalada ikiwa ya jukwaani, ni rahisi kununua kisichokusudiwa. Tafuta neno Star Club na jina la Nashville Teens. Yasipokuwepo, iache.

Ya pili: Sam Cooke, Live at the Harlem Square Club, 1963

Wengine watasema Sam Cooke ni mwimbaji wa soul, si wa rock and roll. Sibishani nao, ila santuri hii inakaa kwenye rafu ileile. Ilirekodiwa Januari 12, 1963, Overtown, mtaa wa watu weusi wa Miami, King Curtis akipuliza saksofoni. RCA, kampuni yake ya rekodi, waliisikiliza wakaifungia kabatini, kwa kuwa sauti hii yenye mikwaruzo haikufanana na kijana laini waliyekuwa wakimuuza. Ilitoka mwaka 1985, zaidi ya miaka 20 baada ya Cooke kuuawa kwa risasi Desemba 1964.

Kwenye Bring It On Home to Me anaanza kwa maelezo marefu, kama mtu anayempigia simu mpenzi wake mbele ya halaiki, na watu wanamjibu neno kwa neno. Kanisa alilotokea linasikika waziwazi. Kwa wale waliozoea taarabu, ambapo hadhira huinuka kutunza na kuimba pamoja na msanii, huu ndio mlango rahisi zaidi wa kuingilia, na kwa nyumba yenye watu wazima na vijana ningeiweka hata mbele ya Jerry Lee.

Usiichanganye na Sam Cooke at the Copa, iliyorekodiwa New York Julai 1964. Pale anaimbia watu walioketi mezani wakila. Ni safi, imepangwa vizuri, na ukumbi umetulia. Nunua ukishaipenda sauti yake, si kabla.

Ya tatu: Johnny Rivers, At the Whisky à Go Go

Los Angeles, 1964, klabu mpya ya Sunset Strip. Gitaa, mdundo wa kucheza, makofi ya watu. Memphis, wimbo wa Chuck Berry, ulipanda hadi nafasi ya 2 Marekani. Ni ya kufurahisha sherehe, na nakala zilizotumika si vigumu kupata. Haina hatari ya zile mbili za juu.

Za kuwa makini nazo

Chuck Berry On Stage ya 1963 inanisikitisha, kwa sababu Berry ni mkubwa mno na mnunuzi anaamini jalada. Ni rekodi za studio zilizomwagiwa makelele ya watu. Kama unamtaka Berry, na unapaswa kumtaka, nunua rekodi zake za studio za kampuni ya Chess bila kujificha.

Ile ya Beatles ya Star-Club, iliyorekodiwa Desemba 1962, ni ya kweli lakini ilinaswa kwa mashine ya nyumbani, na sauti yake ni hafifu. Ilitoka mwaka 1977 licha ya Beatles kuipinga, na mwaka 1998 mahakamani London walipata haki yake. Kwa hiyo nakala nyingi unazoziona mtandaoni hazina baraka zao. Waachie watafiti.

Ukiamua kununua santuri badala ya CD, soma herufi za hali yake kwa uangalifu. VG (very good, yaani nzuri sana) kwa maneno ni sifa, lakini kwa wauzaji ni santuri iliyochoka, mikwaruzo inaonekana na kelele zinasikika. Usishuke chini ya VG+, hasa kwa muziki wenye nguvu hivi, maana sindano nzito za zamani zilichimba mifereji pale penye sauti kubwa. Omba picha iliyopigwa chini ya taa. Mimi niliwahi kulipia nakala kutoka ng'ambo bila kuomba picha, ikafika imepinda ukingoni. Sindano inapanda na kushuka, na piano inayumba nayo. Uliza pia itafungwaje, na weka pesa ya usafirishaji na ushuru kando kabla hujabonyeza kununua, kwani mara nyingine hupita bei ya santuri yenyewe. Ikifika, isimamishe wima kwenye rafu yenye kivuli. Kuilaza kwa muda mrefu ni kuipinda polepole, na kuisahau ndani ya gari mchana wa Dar au Mombasa ni kuiharibu siku ileile.