Naivasha kwa miguu, baiskeli na mashua: uzoefu wangu

Sisi watu wa Nakuru tunaijua Naivasha kupitia dirisha la matatu. Tunapita tukielekea Nairobi, tunaona ziwa kwa mbali, basi. Safari hii nilishuka na dada yangu na wapwa zangu wawili, tukakaa mpaka tukaridhika. Kwa mwananchi wa kipato cha kawaida anayependa kutumia miguu yake, sijaona mahali pengine katika kaunti yetu panapokupa volkano, korongo na ziwa kwa ukaribu huu. Lakini anayekuongoza ndiye atakayeamua siku yako iende vipi, kwa hiyo pesa ya kubana isiwe ya kwake.

Longonot nendeni mapema, kabla jua halijachoma. Mlima huu umelala, haujafa. Inasadikiwa ulilipuka mara ya mwisho miaka ya 1860, na vipimo vya satelaiti vilionyesha ardhi yake iliinuka kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Toka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1. Kwa hesabu si mbali, ila njia ni majivu makavu yanayoteleza, na mahali pengine mvua imechimba mitaro unayotembea ndani yake. Ukifika juu unachungulia chini na kukuta msitu mzima umejaa ndani ya shimo. Kulikuwa na baridi, na mvuke mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka ukuta wa mbele. Mpwa wangu mdogo aliuliza ni nani anapika kule. Tuliuzunguka ukingo wote, kilomita 7.2, tukapitia kileleni, mita 2,776. Dada aliishia pale tulipofikia ukingo, akakaa na chupa yake ya chai akiangalia ziwa lote la Naivasha, na hakujuta hata kidogo. Beba maji ya kutosha kwa sababu huko juu hakuna.

Hell's Gate, hifadhi ya wanyama iliyo jirani, tulikodi baiskeli karibu na lango la Elsa. Aliyetukodisha mwanzo alitupa baiskeli ambayo breki ya nyuma haikushika kabisa, akasema njia ni tambarare. Nikakataa, tukaenda kwa jirani yake, akatuacha tujaribu kila moja kabla ya kulipa. Fanyeni hivyo. Kuna raha ya pekee kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, ngiri wakikimbia mbele yako mikia juu. Nyati wapo pia, kwa hiyo usiache njia kwenda kupiga picha.

Korongo la Ol Njorowa, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, ndilo lililonigusa zaidi. Kuta zimechongwa na maji mpaka zimekuwa laini, na mahali pengine unaweza kugusa pande zote mbili kwa mikono. Maji ya moto yanachuruzika toka kwenye mwamba. Niliweka kidole nikakitoa mara moja. Ni joto lilelile la chini ya ardhi ambalo pale jirani, Olkaria, limekuwa likizalisha umeme tangu 1981. Kiongozi wetu, kijana Mmaasai, kabla hatujashuka alitazama mawingu upande wa mlimani, akapiga simu kwa mwenzake kuuliza kama kunanyesha huko juu. Kisha akaniambia, "Mkubwa, nikisema tutoke, tunatoka. Picha baadaye." Njiani alituonyesha kila mahali pa kupandia iwapo maji yatakuja. Nilimheshimu sana kwa hilo. Aprili 2012 vijana wa kanisa walisombwa na mafuriko humu humu, na Septemba 2019 maji yakaua watu 7. Mvua ikinyesha mbali, korongoni unaweza kuwa chini ya jua na usijue lolote. Msiingie bila kiongozi, na akisema leo hapana, mkubali.

Ziwani, nendeni asubuhi, maana alasiri upepo huchafua maji. Mwenye mashua mmoja alitaka kutupakia bila jaketi za kuokoa maisha kwa bei nafuu. Tulimwacha, tukapata mwingine aliyewafungia watoto mikanda mwenyewe na aliyezima injini mbali kabisa na viboko. Migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, furukombe juu yake. Ni picha nzuri, lakini pale palikuwa nchi kavu. Ziwa hili halina mto unaotoka juu ya ardhi, na lilipofura 2020 na tena 2025 liliwafukuza watu wa mtaa wa Kihoto, kando yake, kutoka nyumba zao. Nahodha wetu alisimulia hayo bila kuulizwa, na nilifurahi wapwa zangu waliyasikia.

Tulilala kwenye kambi ya mahema kando ya ziwa. Choo kilikuwa safi, samaki mzuri, usiku baridi kweli. Ukisikia kiboko akila nyasi nje ya uzio, baki ndani.

Ada za Longonot na Hell's Gate hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni, si pesa taslimu. Lipeni mkiwa mjini ambako mtandao ni mzuri, na kila mtu mzima abebe kitambulisho ili atozwe bei ya Mkenya.