Kitambaa cha kuzuia magugu: nilichokipata baada ya misimu kadhaa

Muuzaji aliyeniuzia kitambaa cha kuzuia magugu, kile cha nyuzi za plastiki kinachotandikwa juu ya udongo, aliniahidi kwamba nikishakitandika nitasahau palizi maisha yangu yote. Misimu kadhaa imepita tangu siku hiyo, na sasa ninapalilia zaidi ya nilivyokuwa nikipalilia zamani, tena kwa shida kubwa zaidi, kwa sababu kila gugu ninalong'oa linakuja na nyuzi za plastiki.

Kilichonikasirisha hasa ni ndago. Kabla ya kutandika nililima eneo lote, nikaokota mizizi, nikasawazisha udongo, nikapishanisha kingo za vipande, nikavikaza kwa vigingi vya chuma na kuvifunika kwa matandazo ya maganda ya miti, hatua kwa hatua kama maelezo yalivyoagiza. Miezi ya kwanza bustani ilipendeza kweli, hata nikawa namsifu muuzaji yule kwa majirani. Kisha ndago ikaanza kutoboa. Mmea huu hautegemei mbegu. Una viazi vidogo vilivyounganishwa chini kwa chini, na kila kiazi kina akiba ya kuchipua upya hata majani yakikatwa mara nyingi. Chipukizi lake lina ncha kali kama sindano, na hupenya katikati ya nyuzi bila taabu yoyote. Ukilivuta, linakatika shingoni na kiazi kinabaki salama chini, mahali ambapo jembe halifiki mpaka uchane kitambaa. Kwa maneno mengine, kitu nilichokinunua ili kiniondolee ndago sasa kinailinda dhidi yangu.

Nilimrudia muuzaji nikiwa na kipande kilichotobolewa mkononi. Hakukitazama hata kidogo. Alisema, mbele ya wateja wengine, kwamba wanaolalamika ni watu wasiojua kulima. Nilimwuliza swali moja tu: kitambaa hiki kinazuia ndago au hakizuii? Badala ya kunijibu aliniambia ninunue kile kizito zaidi, akanigeuzia mgongo. Ningeweza kusamehe bidhaa iliyoshindwa kazi, lakini kudharauliwa na mtu aliyepokea fedha yangu kwa ahadi ya uongo ni jambo ambalo sijalisamehe mpaka leo.

Nikiwa mkweli, upo upande mwingine. Magugu ya mwaka mmoja, yale yanayoota kutokana na mbegu zilizolala udongoni, kitambaa kiliyazuia vizuri kwa sababu mbegu zilikosa mwanga. Kwenye njia ya kokoto kilisaidia zaidi, maana kilizuia kokoto zisizame kwenye tope. Mtu mwenye njia ya kutengeneza, asiye na ndago wala sangari (nyasi sugu inayotambaa chini kwa chini), huenda akaridhika nacho, na sitaki kumkatisha tamaa.

Lakini kwenye vitalu vya maua na vichaka nasema hapana. Matandazo huoza, hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyenitajia. Yakishaoza yanakuwa mboji juu ya kitambaa, upepo na ndege wanaleta mbegu mpya, nazo zinaota hapo juu na kuteremsha mizizi kupitia matundu yale yale yaliyowekwa kwa ajili ya maji. Huku juu mboji inarundikana bila faida, huku chini udongo unakosa chakula chake, umekuwa mgumu, na nyungunyungu niliozoea kuwaona nikichimba wamekuwa adimu.

Nilipoamua kukitoa ndipo hasira iliponipanda kabisa. Mizizi ya vichaka vyangu ilikuwa imetambaa juu ya kitambaa na mingine imepenya ndani yake, kiasi kwamba nisingeweza kuvuta bila kuikata. Sehemu zilizopigwa na jua, pale matandazo yalipokuwa yamepungua, zilichanika vipande vipande mkononi na kumwaga nyuzi ambazo haziozi. Mpaka sasa nikichimba shimo dogo tu ninazitoa nyuzi hizo udongoni, na kichaka kimoja nilichokipenda kimenyauka kwa kupoteza mizizi.

Vitalu nilivyovisafisha nimevitandaza matandazo ya unene wa sentimita 8 hadi 10 moja kwa moja juu ya udongo, nikiacha nafasi kuzunguka mashina, na ndago inapochomoza ninaichimbua pamoja na kiazi chake kwa sababu sasa mkono unafika. Kazi ipo, lakini ni kazi inayoonekana matokeo. Nilikuwa nimekusudia kuiacha njia ya kokoto kama ilivyo na kukipa kitambaa sifa hiyo moja. Hata hivyo, juzi nimekuta ndago imechomoza katikati ya kokoto, karibu na ukingo, na nimeshaanza kukusanya kokoto pembeni ili huko nako nikifumue chote.