Kitanda cha futi 5: uzoefu wangu wa kutengenezewa Hiace ya kuishi, hapa Tanga

Asiyetaka kusoma marefu achukue hukumu yangu aende zake: nyota moja kati ya tano. Na hiyo moja nimeitoa kwa shingo upande.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kazi yangu iko ufukweni: leo Moa, kesho kutwa Kigombe, wiki ijayo Kipumbwi, mara napigiwa simu kutoka Bagamoyo kwamba boti imelala na samaki hawamsubiri mtu. Miaka mingi nimelala gesti. Kila nikipiga hesabu naona fedha za vitanda vya watu zinaipita kodi ya chumba changu mwenyewe nisichokilalia. Ndipo nikaamua kukirudisha chumba, ninunue Hiace, niigeuze iwe pa kulala, pa kupikia na stoo ya vifaa. Niishi humo siku zote, siyo mapumziko ya Jumamosi na Jumapili.

Wengi walinishauri Noah. Ni gari zuri, halili sana mafuta, lakini mtu mrefu akikaa juu ya kitanda kichwa kinagonga paa, na ukiwa unaishi ndani ya gari, kukaa wima ukanywa chai yako kuna maana kuliko lita mbili za mafuta. Hema la juu ya gari nimeliona kwa wageni wanaopita Pangani na Land Cruiser. Kwa siku mbili tatu sawa. Kushuka ngazi kwenda haja saa nane usiku, mvua ya masika inakupiga mgongoni, kila siku ya Mungu, hapana.

Hiace basi. Nikaipeleka karakana moja Ngamiani. Jina silitaji, Tanga tunajuana.

Kabla ya yote nilimweleza mzee mwenye karakana jambo moja. Mimi urefu wangu ni futi 6 na inchi 1. Nataka kitanda kifuate urefu wa gari, kichwa mlango wa nyuma, futi 6 na nusu. Nikarudia mara ya pili. Akanitazama toka utosini hadi kwenye kandambili, akasema, "Nimeshakupima." Kwa macho! Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni kwake, umening'inia kama wa fundi cherehani, na hakuugusa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwasha gari niondoke. Sikuondoka kwa sababu pembeni palikuwa na kabati la mtu, la mtiki, na maungio yake hayakuwa na msumari hata mmoja. Nilipitisha kidole kwenye kona nisiusikie mwungano. Mtu anayefanya kazi ya namna ile unamwamini. Nikaacha gari, nikaacha malipo ya kwanza, nikaacha na godoro langu jipya la futi 4 kwa 6, bado liko kwenye nailoni.

Kazi iko katikati, baba akafariki. Nilimpigia mzee kumwambia nimepatwa na msiba, nakwenda Muheza kuzika. Akanipa pole, akamwombea marehemu, akasema nikirudi nitalikuta gari tayari. Naomba hilo likumbukwe: alijua.

Nilirudi baada ya wiki mbili hivi, labda zaidi kidogo. Kichwa hakikuwa changu. Nikalipa salio, nikachukua ufunguo, nikaondoka bila kukagua. Hilo nakubali ni kosa langu. Usiku nikiwa Kigombe ndipo nilipofungua mlango wa nyuma na kuona vizuri. Kitanda kilikuwa kimekingama, ubavu hadi ubavu. Nikapanda nikalala. Utosi kwenye bati upande huu, magoti juu kama mtoto anayeumwa tumbo. Hiace hii nyembamba, ukiipima kwa nje, haifiki mita 1.7 kwa upana. Ukitoa kuta na mbao za ubavuni unabakiwa na futi 5. Godoro langu ilibidi liingie humo, kwa hiyo lilikatwa. Futi nzima imeondoka, ukingo umechanika kama mkate uliokatwa kwa kisu butu, halafu umeshonwa kwa uzi wa viatu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia siku tisa, na ilikuwa kaskazi, joto la Tanga lile linalokufanya usikie shuka kama ngozi ya pili. Kitanda kilichokingama ni ukuta. Unafungua mlango wa nyuma, unashusha chandarua, upepo wa bahari unakuja vizuri, unagonga ubao wa kitanda, unarudi ulikotoka. Wewe uko juu umekunjika, miguu inakufa ganzi, unageuka, kiwiko kinagonga dirisha. Saa kumi alfajiri wavuvi wanaondoka na mimi sijalala, na asubuhi natakiwa kushika kabureta ya mtu kwa mikono iliyotulia.

Siku ya kumi nikarudi Ngamiani.

Mzee alikuwa amekaa nje, buli la kahawa pembeni, kashata kwenye kisahani, vijana wake watatu wanapiga randa. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikaona alichokikalia. Kilikuwa kipande cha godoro langu. Kile cha futi moja, kitambaa chenye maua ya bluu nilichokichagua mwenyewe dukani, amekitandika juu ya kigoda, kimeshashika madoa ya kahawa.

Nikameza. Nikamwambia, mzee wangu, kitanda kimekuwa kifupi, siwezi kunyooka. Akapuliza kikombe. Akasema, mbele ya vijana wake, "Kunyooka utanyooka kwenye mwanandani."

Vijana wawili wakacheka. Wa tatu hakucheka.

Baba yangu nilishuka kaburini kumpokea mimi mwenyewe. Nilimlaza kwenye mwanandani kwa mikono hii, na arobaini yake ilikuwa haijatimia. Mtu huyu alinipa pole kwa mdomo wake. Sikumjibu kitu, kwetu mkubwa harudishiwi neno. Nikaingia garini, mikono inatetemeka, ufunguo ukanishinda kuingiza.

Tangu saa ile hakuna kitu ndani ya gari lile nilichokipenda. Taa alizofunga zina mwanga wa wodini. Droo ya vifaa inafungika kwa sauti inayoniudhi. Rangi ya mbao, ambayo niliichagua mwenyewe, nikaiona ya kifedhuli. Aliyeniuliza nilimwambia asiende pale, na asiyeniuliza pia nilimwambia.

Sasa niseme na la upande wa pili, kwa sababu mimi pia ni fundi na siwezi kudanganya juu ya kazi ya mikono. Yule kijana wa tatu alinifuata mpaka barabarani, akagonga kioo. "Kaka, nisamehe," akasema, kana kwamba neno lilitoka kwake. Akaniomba nishuke. Alikuwa na utepe. Akanisimamisha pale pale kando ya barabara, bodaboda zinapita, akanipima kuanzia kisigino hadi utosi, akaandika kwenye kiganja. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: mbao zote zimefungwa kwa skrubu, hakuna iliyopigwa msumari. Zinafunguka, zinageuka.

Nikaenda Raskazone, nikaegesha chini ya mkungu, nikafungua kitanda kizima kwa bisibisi. Ilinichukua toka asubuhi hadi adhuhuri. Na kadiri nilivyofungua ndivyo nilivyozidi kunyamaza. Skrubu za shaba, kila moja, maana hewa ya chumvi inakula chuma cha kawaida kabla mwaka haujaisha, na hilo wengi hawalijui mpaka kitanda kiwadondokee. Plaiwudi ya boti, siyo chipbodi inayovimba kama andazi ikiona maji. Kingo zimepakwa vanishi hata upande wa chini ambao hakuna jicho litakalofika. Penye mtungi wa gesi kuna tundu kwenye sakafu limetobolewa na kuwekewa wavu, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, na isipopata pa kutokea inakusubiri uwashe kiberiti. Sikumwambia aweke tundu lile. Aliwaza mwenyewe. Mtu aliyewaza nisife kwa gesi ndiye huyo huyo aliyenitajia mwanandani. Hapo nilikaa kwenye mchanga nikashindwa kujua nimchukie vipi.

Ukitaka kujua mpango nilioishia nao ni huu: kitanda kimefuata urefu wa gari upande wa kushoto, upana futi 2 na nusu tu, na kipande kimoja chenye bawaba kinalala juu ya kiti cha abiria nikishakikunja, ndipo miguu inapofika. Kabati la vifaa upande wa kulia. Katikati pamebaki njia ya kupita mtu mmoja. Mzee angesema nimeharibu nafasi, na ni kweli: kitanda chake kilichokingama kiliacha uwanja mkubwa mbele wa kupikia. Kwa mtu wa futi 5, au mama na mtoto, ule mpango wake ni mzuri kuliko wangu. Siyo kwangu.

Usiku wa kwanza nilinyooka Ushongo, kusi imeanza. Niligeuza nyuma ya gari upande wa bahari, mlango juu, chandarua chini. Upepo ukaingia kwa kichwa ukatokea kwa miguu. Nililala mpaka jua likanipiga usoni. Sijui nilisemeje, nafikiri nilicheka peke yangu. Hapo ningempa nyota nne.

Tena baadaye nikavuka kivuko cha Pangani hadi Bweni, nikashika njia ya Mkwaja. Barabara ile ilikuwa inajengwa, na michepuko yake mingine ilikuwa mawe matupu. Ekzosi ilining'inia. Kioo cha pembeni kikalegea. Bomba la redieta nikalifunga kwa waya. Kazi ya mzee haikulia hata mara moja, droo haikufunguka, hakuna ungio lililocheza. Nyota nne na nusu, Mungu ananiona.

Halafu usiku nanyooka, na neno lile linarudi. Kila ninaponyoosha miguu linarudi. Yaani amenifungia kitanda na maneno pamoja, na maneno hayana skrubu. Nyota zinashuka tena: tatu, mbili. Kipande cha godoro langu bado kiko chini ya mtu yule.

Juzi nahodha mmoja wa Kipumbwi, anayetaka gari la kumsaidia kufuata samaki mpaka Bagamoyo, aliingia ndani, akagonga mbao kwa vidole, akapitisha kidole kwenye kona, kama nilivyofanya mimi siku ile. Akaniuliza nani kafanya. Nilitaka kusema sijui.

Nikampa namba. Nikamwambia aandike urefu wake kwenye karatasi, ampe yule kijana wala asimpe mzee, godoro anunue kazi ikishaisha, na alale kitandani kwanza ndipo alipe. Nikamwuliza kama nyumbani kwao wote wazima. Akasema wazima, mbona unauliza? Nikamwambia basi nenda, ila ukiwa na msiba ngoja kwanza uishe.