Asali ya Tabora, ya yule mama wa karibu na stendi

Jamani mkipita Tabora msiondoke bila asali, mi nilichukua lita moja ya nyuki wakubwa kwa mama mmoja karibu na stendi na kwakweli hii ndo asali yenyewe, nyeusi nyeusi, nzito, ukiinua kijiko inashuka kama uzi haikatiki na ina kaharufu ka moshi kwa mbali. Saivi imeanza kuganda chini, msiogope, kuganda sio lazima iwe imechanganywa na sukari, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itayeyuka, usichemshe tu. Ya nyuki wadogo pia anayo, nyepesi, ina uchachu flani mtamu ila bei imechangamka. Kikohozi cha usiku nalamba kijiko kimoja nalala vizuri kabisa. Ila akikwambia inatibu kisukari usikubali, endelea na dawa zako za hospitali, na mtoto hajafika mwaka 1 asilambishwe hata kidogo, ni hatari kwake. Kitu cha kurekebisha ni chupa, anatumia zile za maji, kifuniko hakibani, ikanivujia begi zima. Asali naipa nyota tano, chupa naipa nyota mbili.